Cheti cha Tume si Cheti cha Tabia: Jinsi ya Kumpima Mgombea Urais

Uchaguzi mkuu wa Kenya hufanyika Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano, na kwa hesabu hiyo ujao utaangukia tarehe 10 Agosti 2027. Kampeni hata hazijaanza rasmi, lakini maneno mawili yameshaanza kurushwa huku na huku, kwenye vijiwe vya kahawa, ndani ya matatu na katika vipindi vya redio vya asubuhi: uadilifu na uzoefu. Mmoja husema mgombea wake aliidhinishwa na tume ya uchaguzi mara iliyopita, kwa hivyo ni msafi na hakuna la kuuliza. Mwenzake humjibu kwamba huyo aliwahi kushtakiwa, kwa hivyo ni mwizi na hakuna la kusikiliza. Wa tatu huingilia kati akidai kwamba mambo ya tabia ni ya msikitini na kanisani, na kwamba nchi inataka mtu mzoefu, basi. Wote watatu wamechanganya mambo yanayofaa kutenganishwa, na kura inayopigwa juu ya mchanganyiko huo hudumu miaka mitano.

Tuanze na maneno yenyewe. Sifa za kisheria ni masharti ambayo mtu asipoyatimiza, jina lake haliwezi kuingia kwenye karatasi ya kura. Uadilifu ni kule kuendelea kutenda haki hata pale ambapo mtu angeweza kutenda kinyume na asikamatwe. Tabia ni pana zaidi, kwa maana inabeba uadilifu, lakini pia inabeba hasira na subira ya mtu, ukweli wa kauli zake, namna anavyomchukulia anayempinga, na namna anavyowatendea wasio na chochote cha kumpa. Uzoefu nao si orodha ya vyeo. Ni yale yaliyobaki ndani ya mtu baada ya kubeba dhamana fulani, nayo huonekana katika kazi aliyoiacha nyuma, wala si katika wasifu uliochapishwa kwenye karatasi inayong'aa.

Tofauti hii mwenye matatu anaijua vizuri. Leseni humwambia kwamba dereva aliyesimama mbele yake alifanya mtihani akafaulu. Haimwambii kama dereva huyo hukimbizana na wenzake barabarani, kama huuteremka mteremko wa Mazeras gia ikiwa huru ili abane mafuta, au kama jioni hurudisha hesabu kamili. Kwa hivyo mwenye gari huitazama leseni, kwa kuwa bila hiyo hakuna mazungumzo, kisha huanza kuuliza: ulikuwa njia gani, ulikuwa na gari la nani, na kwa nini mliachana? Tunapomchagua rais, wengi wetu huishia kwenye leseni.

Tume huangalia nini?

Leseni ya mgombea urais nchini Kenya imeelezwa katika Kifungu cha 137 cha Katiba ya 2010. Mgombea awe raia wa kuzaliwa. Awe anastahili kuwania ubunge. Awe ameteuliwa na chama cha kisiasa au awe mgombea huru. Na awe ameungwa mkono na wapigakura wasiopungua 2,000 katika kila moja ya kaunti zilizo nyingi kuliko nusu, yaani kaunti 24 kati ya 47. Hiyo ni kama sahihi 48,000 kwa uchache. Sheria ya Uchaguzi ya 2011 inaongeza sharti la shahada ya chuo kikuu kinachotambuliwa nchini. Hizi zote ni nyaraka, na tume huzipokea, huzihesabu na huzilinganisha.

Utata huanzia pale Katiba inaposema mgombea awe anastahili kuwania ubunge, kwa kuwa hapo tunapelekwa Kifungu cha 99, kinachowazuia watu wa namna mbalimbali: aliyefilisika na hajaondolewa katika hali hiyo, anayetumikia kifungo cha miezi sita au zaidi, na aliyepatikana kuwa alitumia vibaya ofisi ya umma au alikiuka Sura ya Sita, ile inayohusu uongozi na maadili. Msomaji akiishia hapo atadhani mlango ni mwembamba sana. Lakini kifungu hichohicho kinaongeza kwamba mtu hazuiliwi mpaka nafasi zote za kukata rufaa au kuomba mapitio ziwe zimekwisha. Kesi ya ufisadi inaweza kuanza kwa hakimu, ikapanda Mahakama Kuu, ikapanda Mahakama ya Rufaa, na nyingine zikafika hadi Mahakama ya Juu. Safari hiyo yaweza kupita uchaguzi mmoja, hata miwili. Sharti hilo limewekwa kwa sababu njema, kwani bila hilo ingetosha serikali iliyopo kumfungulia mpinzani wake kesi ya haraka ili jina lake liondolewe debeni. Gharama yake ni kwamba anayeidhinishwa hajapimwa tabia. Amepimwa kama mlango wa mwisho wa mahakama umeshafungwa nyuma yake au la.

Mwaka 2022 jambo hili lilionekana waziwazi. Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, EACC, iliwasilisha kwa tume ya uchaguzi majina 241 ya watu waliokuwa wakitafuta nyadhifa mbalimbali na ambao, kwa maoni yake, walikuwa na dosari za uadilifu. Wengi wao waliendelea kuwania. Wananchi waliuliza, kwa haki kabisa, iweje tume moja iseme hafai na nyingine iseme apite? Jibu ni kwamba tume hizo mbili zilikuwa zikijibu maswali mawili tofauti. Moja ilikuwa ikitoa tahadhari. Nyingine ilikuwa ikisoma sharti la rufaa.

Kabla ya hapo lilikuwepo suala zito zaidi. Tarehe 23 Januari 2012 Mahakama ya Kimataifa ya Uhalifu iliyoko The Hague ilithibitisha mashtaka dhidi ya Uhuru Kenyatta na William Ruto kuhusu ghasia zilizofuata uchaguzi wa 2007. Watetezi wa haki walikwenda mahakamani Nairobi wakitaka iamuliwe kama watu wenye mashtaka ya namna hiyo wanatimiza matakwa ya Sura ya Sita. Tarehe 15 Februari 2013, siku chache kabla ya uchaguzi, Mahakama Kuu ilisema haina mamlaka juu ya suala linalohusu uchaguzi wa rais, kwa sababu mamlaka hayo ni ya Mahakama ya Juu peke yake. Wawili hao waliwania, wakachaguliwa tarehe 4 Machi. Desemba 2014 mwendesha mashtaka aliondoa mashtaka dhidi ya Kenyatta, na Aprili 2016 majaji wakaisitisha kesi ya Ruto, bila yeyote kati yao kutiwa hatiani. Mpaka leo wapo wanaosema kwamba mahakama za Kenya ziliwasafisha, na wapo wanaosema kwamba ziliwalinda. Uamuzi ule wa Februari haukufanya lolote kati ya hayo mawili. Mahakama ilisema swali limebisha hodi kwenye mlango usio wake, na swali likarudi mikononi mwa mpigakura.

Katiba yenyewe inaonekana kulitarajia hilo. Kifungu cha 73 kinasema viongozi wapatikane kwa kuzingatia uadilifu, uwezo na kufaa kwao, au kwa kuchaguliwa katika uchaguzi huru na wa haki. Neno dogo hilo, "au", lina uzito ambao watu wengi hawaupi. Kwa anayeteuliwa, chekeche ni kamati. Kwa anayechaguliwa, chekeche ni sisi.

Tetesi, madai, mashtaka, hukumu

Kama chekeche ni sisi, basi tunahitaji kujua uzito wa kila tunachokisikia, maana habari kuhusu mgombea hazina uzito mmoja. Tetesi ni habari isiyo na mwenyewe: "inasemekana", "watu wa huko wanajua". Madai yana mwenyewe, yaani mtu au taasisi iliyosimama ikasema jambo kwa jina lake, na inaweza kuulizwa ushahidi wake. Mashtaka ni madai ambayo mwendesha mashtaka ameyapima akaona yanatosha kufikishwa mbele ya hakimu, ambako mshtakiwa naye atasikilizwa. Hukumu ni neno la mahakama baada ya pande zote kusikilizwa. Anayezipa tetesi uzito wa hukumu anamdhulumu mgombea. Anayeyashusha mashtaka na kuyaweka daraja moja na tetesi anajidhulumu mwenyewe na wenzake.

Hapa ndipo lilipo kosa kubwa kuliko yote katika mijadala yetu, nalo limejificha katika sentensi inayosikika kuwa ya busara: "Kila mtu hana hatia mpaka ithibitishwe, kwa hivyo nyamaza mpaka mahakama iseme." Sehemu ya kwanza ni kweli na ni nguzo ya haki. Sehemu ya pili haitokani na ya kwanza. Hakimu anaamua kama amnyang'anye mtu uhuru wake, na kwa kuwa uhuru ni haki ya kila mtu, lazima ushahidi uondoe shaka yote ya msingi. Mpigakura anaamua kama ampe mtu ufunguo wa hazina, jeshi na mamlaka ya kuteua, na hakuna aliyezaliwa na haki ya kupewa ufunguo huo. Kumnyima mtu kura si kumfunga jela. Mzazi anayetafuta yaya, akisikia kutoka kwa waajiri wawili wa awali, kila mmoja kwa wakati wake, kwamba mtoto alikuwa akiachwa peke yake ndani, hasubiri hukumu ya mahakama. Wala hamwiti yaya huyo mhalifu. Anamtafuta mwingine.

Uhuru huo wa mpigakura una wajibu wake. Mwenye kutumia kipimo chepesi kuliko cha hakimu hana budi kukitumia kwa wote. Nimewasikia watu wakimkataa mgombea wa upande wa pili kwa sababu ya tetesi moja, kisha wakamtetea wa kwao ambaye majaji watatu wameandika mabaya juu yake. Huko ni kuchagua kabila kwanza na kutafuta sababu baadaye, na uadilifu umeazimwa tu kuwa kisingizio.

Sanduku lenye kufuli tatu

Mwaka jana nilialikwa kwenye mkutano wa kikundi cha akiba cha akina mama huko Mishomoroni, Mombasa, siku walipokuwa wakimchagua mweka hazina mpya. Sanduku lao la chuma lina kufuli tatu, na funguo hukaa kwa watu watatu tofauti, ili hata mtu akitamani asiweze kulifungua peke yake. Walikuwa wamependekezwa wawili: karani mstaafu mwenye vyeti vya uhasibu, na muuza mboga ambaye kwa miaka kadhaa alikuwa akishika michango ya mazishi ya mtaa. Mama mmoja muuza viazi karai alisimama akamwuliza yule wa mboga: "Dadangu, mchango wa mazishi ya mwezi wa nne ulibakia shilingi mia nane na hamsini. Zilikwenda wapi?" Aliyeulizwa hakununa. "Zimeandikwa, dadangu. Mtumeni mtoto nyumbani akalete daftari." Mtoto akakimbia, daftari likaja, jalada limechanika, na ukurasa ukasomwa kwa sauti: mia tano nauli ya jamaa waliotoka Kwale, mia tatu na hamsini zimerudishwa sandukuni. Swali la aina hiyohiyo aliulizwa karani kuhusu mchango wa harusi aliousimamia, naye akajibu kwamba hajazoea kuhojiwa namna ile. Walimchagua wa mboga.

Akina mama wale walipima mambo matatu kwa muda usiozidi robo saa. Walitafuta kazi inayofanana na ile wanayotaka kumpa mtu, hata kama ni ndogo. Walitafuta maandishi yaliyoachwa wakati mtu hajui kwamba siku moja yatasomwa. Na walitazama uso wa mtu anapoulizwa. Tena hawakuona kwamba kumwamini mweka hazina kunaondoa haja ya kufuli tatu. Bunge, mahakama na Mkaguzi Mkuu ndizo kufuli za nchi, na swali la kwanza kuhusu tabia ya anayetaka urais ni namna anavyozisema kufuli hizo anapokuwa amekasirika.

Uzoefu wa nini?

Anayejenga nyumba humwomba fundi amwonyeshe nyumba alizojenga, na mwenye akili zaidi huenda kuzitazama wakati wa masika, siyo kiangazi. Paa zote huonekana nzuri jua likiwaka. Vivyo hivyo, kusema kwamba mtu amekuwa waziri miaka kumi ni kusema tu kwamba alikuwa ndani ya nyumba. Tunachotaka kujua ni mvua gani ilinyesha alipokuwa humo, na paa lilifanya nini.

Tena uzoefu una nchi zake, hausafiri wote. Mwai Kibaki, alipoapishwa Desemba 2002, alikuwa pengine mzoefu kuliko wagombea wote wa wakati wake. Alisomea uchumi, aliongoza Wizara ya Fedha katika miaka ya 1970 na alikuwa makamu wa rais kwa miaka kumi kuanzia 1978. Uzoefu huo ulionekana. Januari 2003 ada za shule za msingi za umma ziliondolewa na zaidi ya watoto milioni moja wakaingia darasani, na uchumi uliokuwa umelala ukaamka. Lakini ulipofika uchaguzi wa Desemba 2007, matokeo yakabishaniwa na nchi ikawaka moto, kilichotakiwa hakikuwa ujuzi wa bajeti. Tume ya Jaji Waki, iliyochunguza ghasia hizo, ilihesabu watu 1,133 waliouawa. Mapatano na mpinzani wake, Raila Odinga, yalitiwa saini tarehe 28 Februari 2008, baada ya majuma mengi ya usuluhishi wa Kofi Annan. Sisemi haya kumshusha hadhi marehemu. Naamini kazi yake ya uchumi itakumbukwa. Nasema kwamba anayeuliza "ana uzoefu?" hajamaliza swali. Amalizie: uzoefu wa nini, na kazi ya urais inataka upi?

Kazi ya urais, ikivuliwa mapambo yake, ni kuchagua watu, kupokea habari mbaya bila kumwadhibu aliyezileta, kugawanya fedha zisizotosha, kuamuru wenye silaha, kutii mahakama inapoamua usilolipenda, na kuondoka muda ukifika. Mfanyabiashara hodari amezoea kuchagua watu na kugawanya fedha, lakini dukani kwake hakuna bunge, na asiyempenda mteja humwacha aende duka la jirani. Rais hawezi kumwambia raia aende kwingine. Gavana amezoea kugombana na bunge la kaunti na kukaguliwa hesabu, ila hajawahi kuamuru jeshi. Mwanaharakati amezoea kusema kweli mbele ya wenye nguvu, na swali kwake ni kama amewahi kuongoza wasiokubaliana naye. Hakuna njia moja iliyo bora kuliko nyingine zote. Kuna mapengo, na mgombea mwema huyajua ya kwake na kuonyesha nani atayaziba.

Mtu akiniuliza ni uamuzi gani mmoja wa kutazama kabla ya kura, nitamjibu bila kusita kuwa ni mgombea mwenza. Huo ndio uamuzi wa kwanza wa kirais ambao mgombea anaufanya mbele ya macho yetu. Una washindani, una shinikizo, una majimbo ya kuridhisha, na matokeo yake hayafutiki kirahisi. Mei 2022 William Ruto alimchagua Rigathi Gachagua, na Raila Odinga akamchagua Martha Karua. Tarehe 17 Oktoba 2024 Seneti ilimwondoa Gachagua katika wadhifa wa naibu rais, naye akapinga mahakamani. Uwe upande wake au upande wa waliomwondoa, maswali ya Mei 2022 yalikuwa wazi kwa kila mtu: huyu anachaguliwa kwa kuwa anaweza kuiongoza nchi endapo wa kwanza hayupo, au kwa kuwa analeta kura za mahali fulani? Wengi wetu tulilipita swali hilo tukikimbilia ilani.

Mahali ambapo tabia hujitokeza

Sheria hufika mahali ikaacha nafasi, na tabia ya mtu hukaa katika nafasi hiyo. Mwaka 2019 Tume ya Huduma za Mahakama ilipendekeza watu 41 wateuliwe kuwa majaji. Rais Kenyatta alikaa na orodha hiyo hadi Juni 2021, akawateua 34 na kuwaacha sita (mmoja alikuwa amefariki), akieleza kwamba ana mashaka na uadilifu wa hao sita, ingawa mahakama zilikuwa zimesema kazi ya rais katika jambo hilo ni kuteua waliopendekezwa. Septemba 2022, alipoapishwa tu, Rais Ruto aliwateua sita hao. Katiba ni ileile na majina ni yaleyale. Aliyetaka kujua wanaume hao wawili wanaitazamaje mahakama alikuwa na kitu cha kushika mkononi, kizito kuliko hotuba mia.

Hata hivyo tendo moja lisigeuzwe kuwa mtu mzima. Tarehe 26 Juni 2024, siku moja baada ya waandamanaji kuingia Bungeni na vijana kuuawa kwa risasi, Rais Ruto alikataa kutia saini Mswada wa Fedha. Wapo waliosema amesikiliza, wapo waliosema amelazimika, na kila upande una hoja. Njia ya haki ni kulipanga tendo hilo pamoja na mengine ya kabla na ya baada, na kutazama kama yanaelekea upande mmoja. Mfumo wa matendo hausemi uongo kirahisi, ilhali tendo moja laweza kuwa la siku hiyo tu.

Ng'ambo ya mpaka upo mfano ambao Watanzania wa rika la wazazi wangu huutaja bado. Katika miaka ya 1970 Ali Hassan Mwinyi alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani wakati raia walipokufa mikononi mwa polisi huko Shinyanga na Mwanza. Hakuwa yeye aliyewashika wala kuwapiga. Alijiuzulu. Katika Kiswahili cha Tanzania tendo hilo lina neno lake, kuwajibika. Mwaka 1985 akawa Rais wa Jamhuri ya Muungano. Urais wake una wakosoaji wake, lakini waliomchagua walijua jambo moja lisilopatikana katika wasifu wowote: kwamba kosa likitokea chini ya paa lake, hatalisukuma chini ya meza ya karani. Kwa hivyo mtazame mgombea katika jambo lililomharibikia. Alisema nini wiki ile? Alimtaja nani?

Karatasi za kusoma, na mambo yasiyo ushahidi

Madaftari ya wagombea wetu yapo, na mengi yako wazi. Hansadi za Bunge, yaani kumbukumbu rasmi za mijadala yake, zinaonyesha mbunge alisema nini na, pale kura zilipohesabiwa kwa majina, alipiga upande gani. Hukumu za mahakama husomeka kwenye mtandao bila malipo. Ripoti za Mkaguzi Mkuu hutoka kila mwaka kwa wizara, mashirika na kaunti, ila hizi zinataka uangalifu. Kuna hesabu zilizo sawa, kuna zenye mashaka, na kuna zile ambazo mkaguzi anazikataa. Watanzania huziita hati safi, hati yenye mashaka na hati chafu. Hati chafu haina maana kwamba fedha ziliibwa, kwani stakabadhi zilizopotea zinaweza kuileta, na hati safi haina maana kwamba mradi ulikuwa na faida kwa mwananchi. Tena afisa anayewajibika kisheria kwa hesabu za wizara ni katibu, siyo waziri. La kutafuta ni kama kasoro ileile imerudi mwaka hadi mwaka huku kiongozi akiwa ameshaisoma.

Kwa upande mwingine, kuna mambo tunayoyapa uzito ambao hayana. Michango ya harambee ni mojawapo. Mtu mwenye mshahara unaojulikana akitoa kila Jumapili kiasi kinachozidi mshahara huo, la kuulizwa ni chanzo cha fedha, na ukarimu wake usubiri jibu. Kuonekana katika nyumba za ibada hakuthibitishi wala hakukanushi lolote. Mdahalo wa televisheni una manufaa yake, lakini mwaka 2017 Uhuru Kenyatta hakufika na Raila Odinga alisimama peke yake, na mwaka 2022 Odinga hakufika na Ruto akasimama peke yake, kwa hivyo aliyetegemea mdahalo kuwapima wapinzani wakuu hakupata cha kulinganisha. Na shahada, tuiseme wazi, huthibitisha kwamba mtu alisoma.

Liko daftari moja ambalo mpigakura hafunguliwi. Maafisa wa umma hutakiwa kutangaza mali na madeni yao, lakini matamko hayo hayabandikwi hadharani, na anayeyataka huyaomba kwa masharti. Hakuna sheria inayomkataza mgombea urais kulichapisha la kwake kwa hiari, likiwa na tarehe, pamoja na la mgombea mwenza, ili miaka mitano ikipita lilinganishwe na jipya. Mawakala watakapopita mitaani na fomu wakitafuta zile sahihi 2,000 za kaunti, wakataka jina lako na nambari ya kitambulisho, huo ni wakati mzuri wa kuwauliza tamko la mgombea wao liko wapi. Huenda wakajibu kwamba sheria haimlazimishi. Watakuwa wamesema kweli kuhusu sheria, na wewe unaweza kuishika kalamu yako ukawaambia utasaini mtoto akirudi na daftari.